Tupewe Nafasi ya Kukosea Kiingereza

Naomba nafasi ndogo katika kurasa hizi nitoe maoni yangu juu ya Kiingereza, somo ambalo wengi wetu twaliogopa kuliko Hesabu.

Sisi tuliotoka shule za msingi za serikali hapa Tanzania tulifundishwa kwa Kiswahili, kama ilivyo desturi tangu mwaka 1967. Tukiingia kidato cha kwanza, karibu masomo yote hugeuka kuwa ya Kiingereza. Mwaka 1982 tume ya elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilishauri Kiswahili kiendelee hadi sekondari, lakini shauri hilo halikukubaliwa. Basi Kiingereza tunacho, na hatuna budi kukijua. Neno langu ni juu ya njia ya kukijua.

Nilipokuwa kidato cha kwanza, mwalimu wa Baiolojia aliuliza kazi ya jani. Jibu nililijua tangu shule ya msingi. Nikasimama, nikasema, "Leaf is cooking food." Darasa zima likacheka. Tangu siku ile sikusimama tena mpaka muhula ukaisha, wala hakuna aliyetambua, maana mwanafunzi anyamazaye hudhaniwa kuwa mtulivu.

Hebu tufanye hesabu. Kipindi ni dakika 40, na darasani tumo 50. Mwalimu akisema kwa dakika 30, zinabaki 10, yaani sekunde 12 kwa kila mtu kama zingegawanywa sawa. Nazo hazigawanywi, huchukuliwa na wale wanne wa mbele. Lakini akituamuru tugeukiane wawili wawili kwa dakika 5 tu, kila mmoja apata dakika mbili na nusu za kusema. Kelele zitakuwapo, sikatai. Walimu wetu watasema pia kwamba tutaambukizana makosa. Huenda, ila mwalimu apitaye kati ya madawati atayasikia na kuyasahihisha, na yale tunayoyameza hayasikii kamwe.

Jambo lingine ni kibao. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake cha mwaka 1986, alieleza jinsi wanafunzi wa Kenya zama za ukoloni walivyopigwa viboko au kuvishwa bamba la chuma shingoni kwa kosa la kusema Kikikuyu. Mimi nimevishwa kibao kwa kosa la kusema Kiswahili. Siku hiyo sikujifunza hata neno moja la Kiingereza. Nilijifunza kukaa mbali na viranja. Heri tuachiwe kulijadili swali kwanza kwa Kiswahili, na tukishalielewa ndipo tulijibu kwa Kiingereza.

Wazazi nao, hata wasiojua Kiingereza, waweza kutusaidia. Mwulize mwanao jioni akueleze kwa Kiswahili alichosoma leo. Akishindwa, ujue amekariri tu.

Kila Alhamisi baada ya vipindi, sisi sita wa kidato cha tatu huketi wawili wawili chini ya mwembe ulio nyuma ya ghala, tukizungumza Kiingereza chetu kama kilivyo. Kidato cha kwanza mnakaribishwa. Sharti letu ni moja: amchekaye mwenzake ndiye atakayejibu swali lifuatalo.