Aplikesheni ya Mvinyo Bila Dodoma? Acheni Utani!

Kuna vijana wawili wa mjini wanatengeneza aplikesheni ya wapenda mvinyo. Mastaa wameshaitwa kupozi na glasi, ila chupa zote ni za Afrika Kusini na Ufaransa. Dodoma, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, haimo kabisa!

Vivino ilianza Denmark mwaka 2010: unapiga picha lebo, unasoma maoni ya wanywaji wenzako. Kuiga hilo tu hakumsaidii mkulima wa Hombolo anayehangaikia soko la zabibu zake. Wawape viwanda vya Dodoma kurasa zao, mnywaji aulize, aagize, apange safari ya shambani. La sivyo, hiyo ni kiki tu. Wadau, mnasemaje?