Marhamu za Fangasi: Tusitulize Muwasho Tukalea Ugonjwa

Mwananchi wa Mabatini akishikwa na choa, aghalabu haendi zahanati. Hushuka dukani, akaomba dawa ya muwasho, akapewa tyubu. Mvuvi wa Ukerewe au Kome, ambaye miguu yake hushinda majini, naye hufanya vivyo hivyo. Hatuwalaumu, kwani Bugando iko mbali na visiwa, na muwasho haungoji kivuko. Lakini ni haki yao kujua wanachojipaka.

Dawa hizi ni za aina mbili. Ya kwanza ni ya fangasi peke yake, kama klotrimazoli. Madhara yake kwa kawaida ni madogo: ngozi kuchoma, kuwasha au kuwa nyekundu. Yakitokea malengelenge au uvimbe, mgonjwa aache kuipaka na kumwona tabibu. Ya pili ni mchanganyiko: katika tyubu moja hutiwa dawa ya fangasi, dawa ya bakteria kama jentamisini, na steroidi kama betamethazoni. Hatari kubwa imo humo.

Steroidi hutuliza muwasho kwa kulegeza ulinzi wa mwili mahali ilipopakwa. Mgonjwa hudhani amepona, kumbe mlinzi amelala na mwizi yumo ndani. Choa hutanuka na kupoteza umbo lake la duara, hata tabibu akashindwa kukitambua. Ikitumiwa kwa muda mrefu, ngozi hukonda na kupata chunusi na michirizi isiyofutika. Kwa mtoto mchanga, dawa inayopakwa chini ya nepi hupenya hadi damuni, na yaweza kudhoofisha tezi zilizo juu ya figo. Wako pia wanaozipaka makusudi ili wawe weupe. Hao hununua maradhi kwa fedha zao wenyewe.

Wenzetu wa India wameonja matunda ya mtindo huu. Wataalamu wanauhusisha na kuenea kwa fangasi sugu, aliyepewa jina la Trichophyton indotineae mwaka 2020, ambaye mara nyingi hasikii dawa zilizozoeleka. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa hiyo tunasema: muuzaji asitoe mchanganyiko wenye steroidi bila cheti cha tabibu. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, ifikishe ukaguzi wake hadi mialoni, si kuishia mjini. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa KCMC, Moshi, mwaka 1992 kimetoa matabibu wa fani hiyo. Wakuu wa afya wahakikishe visiwa navyo vinapata mgawo wao.

Mwananchi naye asome majina yaliyoandikwa kwenye tyubu, akaushe miguu, na atimize muda wa dawa hata muwasho ukiisha. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilipeleka elimu ya afya vijijini kwa redio na vikundi vya kujisomea. Elimu ya namna hiyo ndiyo inayohitajika leo, nayo ianzie kwenye kaunta ya duka la dawa.