Kabla Hujamwaga Dawa Chooni

Muhula uliopita, Jumamosi asubuhi, mama anayefanya usafi kwenye bloku yetu alitoka chooni mbio, kanga kaziba nayo pua, machozi yanamtiririka. "Wanangu, nani kamwaga nini humu?" Tukabaki kutazamana. Usiku wa kuamkia siku hiyo, sisi wa ghorofa ya pili tulichoshwa na harufu, tukachanga, tukanunua dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe na kuimwaga yote chooni bila kusuuza. Asubuhi mama akaja na ya kwake, ile ya asidi inayouzwa mtaani kwenye chupa ya maji ya kunywa, haina lebo wala maelezo. Akaimwaga juu yake.

Waliosoma kemia wameshajua. Dawa ya klorini ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini, ileile iliyotumika kama silaha vitani kule Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915. Sisi tuliitengeneza hosteli, tena kwa nia njema kabisa. Mama alikohoa wiki nzima, na Jumatatu alikuwa kazini kama kawaida.

Kiukweli, choo cha kila siku hakihitaji vita ya namna hiyo. Yale madoa magumu tunayoyaita uchafu, mengi ni chumvichumvi ya maji ya kisima iliyoganda. Hiyo inayeyuka kwa siki au maji ya limau ukiyaacha usiku kucha, kisha brashi. Birika la umeme lenye ukoko mweupe, katia limau, chemsha, acha lipoe, suuza. Sinki lenye mafuta ya chipsi linataka magadi, yaleyale ya kulainishia maharage, na maji ya moto. Bibi yangu Pangani husugua masufuria kwa majivu na kumbi la nazi, na sinia la shaba kwa ukwaju, na hajawahi kuona haja ya kuyaita hayo "usafi rafiki kwa mazingira".

Ila tusidanganyane. Zile video za kumwaga siki juu ya magadi zinapendeza kwa sababu ya povu tu. Asidi na magadi vikishakutana vimemalizana, unachosugulia ni maji yenye chumvi. Tumia kimoja, suuza, ndipo ulete kingine. Limau usilipeleke kwenye sakafu ya terazo, linaila. Na muhimu kuliko yote: limau na siki navyo ni asidi. Ukivimwaga juu ya dawa ya klorini unapata gesi ileile iliyomliza mama, hata kama limau umelichuma kwenu.

Wapo watakaoniuliza, na kipindupindu je? Swali zuri. Mtu akiharisha au kutapika kwenye bloku, siki haitoshi. Hapo ndipo klorini inapofanya kazi yake, ikiwa imechanganywa na maji tu na si kitu kingine, madirisha wazi. Ninachokataa ni kuitumia kila siku kufunika harufu ya choo ambacho hakuna aliyekisugua.

Maana harufu ile, jamani, ni yetu. Tunamwaga dawa kwa sababu hatutaki kushika brashi, halafu anayeivuta ile hewa ni mtu mwingine, hana barakoa, glavu zimetoboka. Serikali ya wanafunzi ina uwezo wa kuwauliza wasimamizi wa hosteli mambo mawili tu: kwa nini wafanyakazi wa usafi wanapewa dawa isiyo na lebo, na glavu mpya zinakuja lini. Hilo halihitaji mgomo, linahitaji barua. Mimi niko tayari kuiandika leo.

Ghorofa ya pili tumeanza na karatasi kwenye mlango wa choo: tarehe, kilichomwagwa, aliyemwaga. Tumeweka na ndoo, brashi na chupa ya siki, tunachangia kila boom likitoka. Mama huisoma ile karatasi kabla hajafungua dawa yoyote. Wiki iliyopita naye aliandika chini yake: brashi imekwisha, leteni nyingine.