Fulana ya Kuzuia Risasi Isigeuke Hirizi

Wahenga walinena: tahadhari kabla ya athari. Hakuna mwenye busara awezaye kuukana usemi huo, na mwalimu ndiye wa mwisho kuukana, maana kila asubuhi hukabidhiwa watoto wa watu na jioni hutakiwa kuwarudisha wakiwa salama. Lakini tahadhari nayo ina elimu yake, na asiyeipata elimu hiyo huweza kutumia fedha nyingi na kubaki uchi vilevile.

Moiben ni nchi ya mahindi na ngano. Kaunti yake ya Uasin Gishu haikuwamo miongoni mwa zile sita ambako wanajeshi walitumwa Februari 2023 kuwasaidia polisi kupambana na wezi wa mifugo wenye bunduki, yaani Turkana, Pokot Magharibi, Baringo, Elgeyo Marakwet, Laikipia na Samburu. Hata hivyo, Moiben imepakana na Elgeyo Marakwet, na ng'ambo ya vilima liko Bonde la Kerio. Mwalimu aliyezaliwa huku huweza kupewa kazi kule, na mtoto wa kule huweza kuletwa huku asome kwa utulivu. Si ajabu basi mwalimu akajiuliza kama anapaswa kuwa na fulana ya kuzuia risasi, au kama shule yake inapaswa kuziweka ghalani kwa ajili ya siku mbaya.

Jibu letu ni kwamba kinga huchaguliwa kwa kuitazama hatari yenyewe. Mtu akiichagua kwa kuitazama hofu yake, atakuwa amenunua hirizi.

Historia ya Afrika Mashariki imetufundisha somo hili kwa damu. Mwaka wa 1905, kusini mwa Tanganyika, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwapa watu maji yaliyoaminiwa kuwa yangezigeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Imani hiyo iliyaunganisha makabila mengi dhidi ya dhuluma ya kweli, na kwa hilo jina lake laheshimiwa. Lakini pale Mahenge, mwishoni mwa Agosti mwaka huohuo, bunduki za rashasha ziliwafyeka watu walioamini kwamba wamekingwa. Huku kwetu nako, ngao ya ngozi ya Mnandi ilikuwa kinga ya haki dhidi ya mkuki na mshale, maana iliundwa kwa ajili ya silaha hizo. Ilipokuja bunduki ya Mwingereza, hatari ilibadilika na ngao haikubadilika.

Tusidhani kwamba mtego huo umepita. Fulana nyepesi, ile inayovaliwa chini ya shati, imefumwa kwa nyuzi zenye nguvu kama zile za Kevlar, zilizovumbuliwa na Stephanie Kwolek wa Marekani mwaka wa 1965. Nyuzi hizo huikamata risasi ya bastola na kuutawanya mshindo wake. Kwa vipimo vya Taasisi ya Taifa ya Haki ya Marekani, vinavyofuatwa katika nchi nyingi, fulana hiyo haivuki daraja la IIIA, na daraja hilo ni la bastola. Risasi ya AK-47 ina uzito wa gramu 8 hivi, karibu sawa na ile ya bastola ya milimita 9, lakini hutoka mtutuni kwa mwendo wa mita zaidi ya 700 kwa sekunde, takriban maradufu ya mwenzake. Mwanafunzi wa fizikia ajua kwamba nishati hukua kwa mraba wa mwendo. Mwendo ukiwa maradufu, nishati huwa mara nne. Risasi hiyo huipasua fulana nyepesi kama karatasi.

Anayekabiliwa na bunduki za wezi wa mifugo huhitaji mabamba magumu ya kauri, chuma au plastiki maalumu, ya daraja la III au la IV. Tangu Novemba 2023 taasisi hiyo imetoa majina mapya: HG kwa kinga ya bastola na RF kwa kinga ya bunduki, na daraja la RF1 hujaribiwa kwa risasi ya aina ya AK-47 pia. Mnunuzi asome lebo. Ikiwa haipo, au imefutika, aliache vazi hilo dukani.

Kisha kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Gunia la mahindi hubeba kilo 90 bila kuraruka, lakini sindano ya kushonea hulipenya kwa msukumo wa mkono mmoja. Fulana nyepesi ni vivyo hivyo: huizuia risasi butu, na ncha kali ya kisu au mshale huweza kupita katikati ya nyuzi. Katika machafuko ya mwaka wa 1992, na tena yale yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, wengi wa Bonde la Ufa waliumizwa kwa mishale, mapanga na rungu. Mavazi ya kuzuia kisu yapo, na hupimwa kwa kipimo chake tofauti. Anayedhani kwamba kilichozuia risasi hakiwezi kushindwa na mshale anajidanganya.

Kuvaa nako kuna kanuni. Ukingo wa juu wa bamba la mbele hufika kwenye kishimo kilicho chini ya koo, mifupa ya mabega inapokutana, ili moyo na mishipa yake mikubwa ifunikwe. Bamba la nyuma hukaa kwa kimo hichohicho. Wengi huliacha lining'inie tumboni kwa kutafuta starehe, na hivyo hulinda utumbo na kuuacha moyo wazi. Vazi lililokatwa kwa kifua cha mwanamume huacha mianya likivaliwa na mwalimu wa kike, na mwanya ni mlango. Tena mabamba mawili ya kauri huweza kufikia kilo 6 au 7, karibu theluthi ya mtungi wa lita 20 uliojaa maji. Asiyepata kuzoea kukimbia na mzigo huo ataelemewa siku ya kukimbia. Hata risasi ikizuiwa, kishindo chake hubonyeza mwili. Kipimo cha Marekani huruhusu mbonyeo wa hadi milimita 44 katika udongo wa majaribio. Aliyepigwa na kusimama bado apelekwe hospitali.

Aidha, fulana huzeeka. Jua, unyevu na joto la gari lililofungwa huzidhoofisha nyuzi, na kwa kawaida watengenezaji huidhamini miaka mitano tu. Mwaka wa 2003, katika jimbo la Pennsylvania, risasi iliipenya fulana ya polisi iliyofumwa kwa nyuzi za Zylon na kumjeruhi. Uchunguzi ulionyesha kwamba nyuzi hizo hudhoofika mapema kuliko ilivyotarajiwa, na mwaka wa 2005 zikaondolewa katika orodha ya zilizoidhinishwa. Ikiwa fulana mpya ya taifa tajiri ilimsaliti mwenyewe, ya mtumba isiyojulikana ilikotoka yastahili shaka kubwa zaidi. Hali kadhalika, vazi hili lahusu sheria ya silaha. Asithubutu mtu kulinunua kabla ya kuuliza Bodi ya Utoaji Leseni za Silaha.

Baada ya hayo yote, fulana hufunika kifua na mgongo. Mikono, mapaja na shingo hubaki wazi, na mtu huweza kufa kwa kuvuja damu katika dakika chache, ilhali Hospitali ya Rufaa ya Moi iko mbali huko Eldoret. Mwalimu ajuaye kukandamiza jeraha na kufunga paja linalovuja atawaokoa wengi zaidi ya mwenye fulana moja. Na tusisahau kilichowaua wanafunzi wetu kwa wingi mabwenini. Ni moto: 67 waliangamia Kyanguli, Machakos, Machi 2001, na wavulana 21 Endarasha, Nyeri, Septemba 2024. Mwongozo wa usalama wa shule wa mwaka wa 2008 waagiza milango ya bweni ifunguke kwa nje na madirisha yasiwekwe vyuma. Hiyo ndiyo kinga ya kwanza ya mwanafunzi, na gharama yake haifikii ya mabamba ya kauri.

Je, ni nani basi avikwe? Ni yule anayetumwa kukabili bunduki. Novemba 2012 polisi zaidi ya 40 waliuawa katika Bonde la Suguta, karibu na Baragoi, walipokuwa wakiwafuatia wezi wa mifugo. Serikali inayompeleka kijana mahali kama pale yawajibika kumpa vazi la daraja linalolingana na risasi inayomngoja, vazi lenye lebo na tarehe, pamoja na mafunzo ya kulivaa. Askari wa akiba anayelinda shule za bondeni asisahauliwe, maana risasi haiulizi mshahara wa mtu.

Ama mwalimu, siku atakapolazimika kuingia darasani na mabamba kifuani ili afundishe hesabu, hatutakuwa na haki ya kuisifu shule yake kwamba imejiandaa. Itakuwa imeachwa. Twawasihi walimu wakuu wa Moiben na jirani zake, muhula huu, waketi na wazazi na kuandika hatari za shule yao moja baada ya nyingine, kisha kuanza na ile iliyo karibu zaidi na kitanda cha mtoto. Wakiona bunduki imo katika orodha hiyo, barua yao ya kwanza iende kwa Kamishna wa Kaunti kabla ya kwenda kwa muuza fulana.