Gitaa la Zamani na Mfuko Mwepesi



Wapendwa, juma hili naomba niligeukie jambo ambalo vijana wetu wa hapa Zinga wameniuliza zaidi ya mara moja: mtu mwenye fedha kidogo afanyeje akitamani gitaa la umeme, tena la zamani, mfano wa yale waliyopiga wazee wetu wa muziki wa dansi? Wazazi wengi wana jibu moja tu: nunua kinanda, kina ngoma na besi humohumo, yaishe. Mimi siafiki. Kinanda kimetufaa sana, lakini kimetuondolea vijana watatu waliosimama pamoja, mmoja na solo, mmoja na ridhimu, mmoja na besi, kila mmoja akimsikiliza mwenzake. Na wanaodhani kwamba gitaa ni chombo cha baa tu wakumbuke kuwa Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Konstitusio juu ya Liturujia ya mwaka 1963, uliitukuza ogani pasipo kuvifungia mlango vyombo vingine, mradi vifae kwa matumizi matakatifu na mamlaka ya Kanisa iridhie.

Basi tuseme kijana amedunduliza. Kwa maoni yangu, jambo la kwanza ni kulisahau jina. Gibson Les Paul ilitoka mwaka 1952 na Fender Stratocaster mwaka 1954, na magitaa ya miaka hiyo ya mwanzo leo huuzwa kwa makumi ya maelfu ya dola. Atakayeoneshwa mojawapo Kariakoo kwa bei ya redio na ajiulize mara mbili, kwa maana jina lililoko kichwani mara nyingi ni kibandiko tu, na hakuna kitu rahisi kughushi kama kibandiko. Seminarini tulifundishwa kutofautisha kiini cha kitu na sifa zake za nje. Sikutarajia kwamba Aristotle angekuja kunifaa mbele ya gitaa la mtumba!

Wakusanyaji wa vitu vya kale hulipia uasilia: rangi ileile, skrubu zilezile. Gitaa lililopakwa rangi upya, lililobadilishwa funguo za kukazia nyuzi, au lililovunjika kichwa kisha likaunganishwa vema kwa gundi, hushuka thamani mno machoni pao, hali mlio wake waweza kuwa mzuri kabisa. Hapo ndipo ilipo riziki ya mnyonge. David Gilmour wa kundi la Pink Floyd alinunua Stratocaster nyeusi huko New York mwaka 1970, gitaa la kawaida la dukani, akalibadilisha shingo, sumaku na vingine vingi kwa kadiri alivyohitaji. Mwaka 2019 likapigwa mnada kwa dola 3,975,000, na fedha hizo zikaenda kwa shirika la kutetea mazingira. Mnunuzi hakulipia skrubu za asili. Hali kadhalika, msidharau magitaa ya Japani ya miaka ya 1970, kama vile Yamaha au Aria. Mengi yalitengenezwa kwa uangalifu, na bei yake haijapaa kama ya yale ya Marekani.

Kitu cha kulipia ni shingo. Likague gitaa kama seremala akaguavyo ubao, jicho moja limefumbwa, ukitazama kutoka tumboni hadi kichwani. Kisha bonyeza uzi mnene kwenye chuma cha kwanza na cha mwisho kwa wakati mmoja: katikati pabaki mwanya mdogo sana, kama unene wa kadi. Mwanya ukipitisha sarafu, shingo imepinda kwa mvuto wa nyuzi. Uzi ukilalia vyuma vyote, imebinukia nyuma. Magitaa mengi yana ufito wa chuma ndani ya shingo wa kurekebishia hali hiyo, basi muulize muuzaji kama bado unazunguka. Nasi tunaoishi kando ya bahari tunajua chumvi inavyoufanya ufito wa namna hiyo. Tazama pia vyuma vya shingoni vilivyochimbika kwa kubonyezwa miaka mingi. Kuving'oa na kupanda vipya ni kazi ya fundi stadi, na mafundi wa kazi hiyo ni wachache. Lakini vitufe vinavyokwaruza sauti visikutishe. Mara nyingi ni vumbi tu, na fundi redio mwenye lehemu atakutengenezea.

Amplifaya ndiyo huniogopesha kuliko gitaa lenyewe. Iliyotengenezwa kwa ajili ya Marekani hutaka volti 120, ya Japani 100, nao umeme wetu ni volti 230. Ukichomeka bila transfoma, fedha yako yote inageuka moshi. Tena nyingi za zamani zina plagi ya miguu miwili, bila waya wa ardhini. Mwaka 1972, huko Swansea, mpiga gitaa Les Harvey alikufa jukwaani kwa kunaswa na umeme alipogusa maikrofoni. Kumbi zetu nyingi nazo wiring yake inatia shaka. Fundi umeme aitwe kabla ya mazoezi ya kwanza.

Limebaki swali la mwenye mali. Bendi zetu za dansi nyingi zilikuwa za taasisi: NUTA Jazz ya mwaka 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na Mlimani Park ilianza mwaka 1978 chini ya kampuni ya usafiri na teksi. Vyombo vilikuwa vya mwajiri. Muhiddin Maalim Gurumo na Abel Balthazar walipohamia Orchestra Safari Sound mwaka 1985, waliondoka na sauti na vidole vyao. Huko pia waliwapigia wenye vyombo.

Kwa sababu hiyo sikubaliani na pendekezo kwamba kwaya inunue gitaa na kulifungia kabatini. Gitaa na liwe la mpigaji mwenyewe, hata kama rangi imebabuka, alale nalo nyumbani na kulifanyia mazoezi usiku. Amplifaya, ambayo ni nzito na hukaa mahali pamoja, inunuliwe na kwaya, pamoja na transfoma yake na akiba ya nyuzi. Nitalileta jambo hili mbele ya kamati ya kwaya, na wazazi wanaotetea kinanda nao wanakaribishwa.