Shokapu Nusura Zituachanishe!

Mwezi huu naomba tuongelee magari. Usifunue ukurasa, dada yangu, hasa wewe ambaye bwana wako kila Jumamosi analikumbuka gari kabla hajakukumbuka wewe. Mwenzio yamenikuta.

Mume wangu ana Forester. Gari ya familia, ndivyo alivyoniambia siku tunainunua. Mwaka jana mwezi wa 10, wakati tunajikusanya tununue tofali za kiwanja chetu, akarudi jioni gari imeshuka chini kama kuku anayeatamia, na yeye uso kama mtoto aliyepewa pipi. Shokapu zilizokuja na gari zilikuwa zimetolewa. Badala yake amefunga koilova kutoka Taiwan, zile ambazo springi na shokapu vinakuja pamoja na unapanga mwenyewe gari ikae juu au chini. Milioni mbili na ushee. Pesa ya tofali, jamani! Na mimi nilikuwa na mimba ya miezi mitano.

Tulinuniana siku tatu, zikaisha. Kilichobaki ni mgongo. Kutoka Goba mpaka kazini kila tuta nililisikia kwenye meno. Kliniki nesi aliniona navyojishika kiuno, akaniuliza, "Mama, unatembelea trekta?" Nikacheka, lakini nilipofika nyumbani nikamwambia mume wangu mimi gari yake sipandi tena. Kesho yake nikachukua bajaji, halafu daladala. Yeye akapita barabara ileile peke yake, redio juu. Wiki mbili tukaenda hivyo. Zile siku tatu za kununa hazikunitisha, ila hizi wiki mbili za amani zilinitisha kweli, maana asubuhi tulikuwa tunaongelea kila kitu gari ikiwa kwenye foleni, na sasa hatukuwa tunaongea popote.

Jumamosi moja nikiwa nafagia stoo nikakuta boksi la zile koilova, na kijitabu ndani. Digrii yangu ni ya mawasiliano, ya shokapu sikufundishwa, ila kusoma najua. Kijitabu kinasema kila shokapu ina kitufe cha kuzungusha juu yake, chenye hatua 30, kuanzia ngumu kabisa mpaka laini kabisa.

Nikamfuata sebuleni. "Baba, hizi zimewekwa ngapi?"

"Fundi alisema ameweka za kispoti."

"Ndiyo, ngapi?"

Kimya. Alitumia milioni mbili kwa kitu chenye hatua 30 na hakujua yuko ya ngapi.

Tukafungua boneti wote wawili. Sasa sikiliza, maana hapa ndipo wengi wanapochanganya. Springi ndiyo inayobeba uzito wa gari. Shokapu kazi yake ni kuituliza hiyo springi isiendelee kuruka baada ya shimo. Ndani yake mafuta yanapenyezwa kwenye vitundu vidogo, na ukizungusha kile kitufe unabana au unaachia njia ya mafuta. Hakigusi urefu wa gari, wala hakilainishi springi yenyewe. Kwa aina kama yetu, kitufe kimoja kinabadilisha kote kuwili, gari inapodidimia na inapoinuka.

Unazungusha kuelekea upande wa mshale wa saa mpaka kigome, taratibu, bila kulazimisha, kwani ukitumia nguvu unaharibu. Hapo ni sifuri, ngumu kabisa. Halafu unarudi nyuma ukihesabu, kila hatua inalia tik. Za mbele zote mbili zilikuwa kwenye sifuri. Za nyuma ilibidi tufungue vifuniko vya plastiki pembeni mwa buti, na huko tukakuta kulia sifuri, kushoto tano. Kumbe ndiyo maana gari ilikuwa inakata kona kama mtu mwenye kiatu kimoja! Mbele na nyuma zinaweza kupishana, lakini kushoto na kulia lazima zilingane.

Mimi kwa hasira nikasema tuweke 30 zote. Akanitazama, akaweka. Nyuma ya nyumba yetu kuna kipande chenye matuta matatu, tukapita. Ole wangu! Tuta la kwanza tu gari ikanesa, ikanesa tena, la pili likatukuta bado tunanesa. Kama boti ya Zanzibar siku ya upepo. Nikamwambia asimamishe, nikatapika. Springi ngumu ukiinyima shokapu ya kutosha inakurusha tu.

Ikabidi turudi kwa akili. Hatua mbili mbili, kipande kilekile, mwendo uleule, yeye anaendesha, mimi naandika kwenye karatasi. Kuzidi ugumu tairi inarukaruka badala ya kushika barabara, kwa hiyo ile "kispoti" ya fundi kwa mashimo ya Goba haikuwa hata salama. Kuzidi ulaini gari haitulii. Ilipofika 18 mbele na 20 nyuma, tukapita tuta, gari ikapanda, ikashuka, ikatulia. Hatukusema kitu. Akarudia mara nyingine bila kuambiwa.

Si kwamba imekuwa Crown, tusidanganyane. Springi bado ni ngumu na mashimo makubwa bado nayajua kwa majina. Tofali nazo bado zina kikao chake. Lakini Jumatatu nilipanda mbele, na tulipofika kwenye foleni akazima redio.

Mtoto sasa ana kiti chake nyuma. Ile karatasi tumeibandika kwenye kile kizuia jua cha dereva: 18 na 20 ni siku za kawaida, 10 na 12 ni zake akiwa peke yake kwenye lami nzuri, sharti azirudishe. Juzi nimekuta ameongeza mstari kwa mwandiko wake, maana mama yangu anakuja kumwona mjukuu: "Mama mkwe, 22 zote."