Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: Mafundi tuko tayari, tupeni kibali

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, na siku za kazi utanikuta kwenye maghala na viwanda vya huku Changamwe, Mombasa. Si mwalimu, wala siombi kuwa mwalimu. Nakuandikia kwa sababu tuko wengi, wahandisi, wauguzi, makanika, mabaharia waliostaafu, maseremala, tulio radhi kutoa saa mbili kila wiki tukae na watoto wa Gredi ya 7 na ya 8 katika shule za umma, tuwashikishe kazi kwa mikono yao, bila kudai hata nauli. Ila hatuna pa kuingilia.

Sekondari ya msingi ilipoanza Januari 2023, ikiwa ndani ya shule za msingi, watoto wa miaka 12 na 13 walibaki mtaani kwao badala ya kupelekwa bweni. Hilo lilikuwa jema na nitalitetea popote. Lakini shule hizo hazikujengewa maabara wala karakana. Mtaala unadai mtoto atengeneze, apime, ajaribu. Darasa lina ubao na chaki. Mwalimu aliyesomea Kiswahili na dini hujikuta amekabidhiwa Masomo ya Awali ya Kiufundi, anachora bisibisi ubaoni na watoto wanaichora daftarini. Namvulia kofia, maana angeweza kukaa kimya hadi kengele ilie.

Mwaka fulani mwalimu wa namna hiyo aliniita darasani kwake, Gredi ya 8, shule ambayo sitaitaja. Tuliwaambia watoto walete plagi mbovu kutoka nyumbani. Zikaja za kila namna, nyingine zimeungua upande mmoja, nyingine zimefungwa kwa selotepu. Kila kundi likapewa bisibisi na kuanza kufungua. Waya wa kahawia, waya wa buluu, na ule wa kijani na manjano ambao katika plagi nyingi ulikuwa umekatwa na kutupwa, kwa kuwa fundi wa mtaani aliona kifaa kinawaka hata bila huo. Binti mmoja akanyanyua plagi yake kunionyesha. Mahali pa fyuzi palikuwa na karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, imeviringwa vizuri kabisa.

“Fyuzi zilikuwa zinakatika kila siku,” akasema, “ndio baba akaweka hii. Sasa haikatiki tena.”

Darasa zima lilikuwa limeandika maana ya fyuzi wiki mbili nyuma, na wote wangepata alama kamili kwenye mtihani. Nikachukua betri ya pikipiki na uzi mmoja wa sufi ya chuma, ile ya kusugulia masufuria, nikaufunga katikati ya waya mwembamba. Nilipounganisha, uzi ukawaka mwekundu ukakatika, waya ukabaki salama. Nikarudia kwa ile karatasi ya sigara. Haikukatika. Waya ndio ulioanza kutoa moshi, nikauondoa haraka, na watoto wa dawati la mbele wakarudi nyuma bila kuambiwa. Nyumba nyingi za mitaa yetu ni mabati na mbao, vyumba vimebanana ukuta kwa ukuta. Sikuhitaji kueleza zaidi. Wiki iliyofuata mzazi mmoja alikuja langoni kuuliza fyuzi za ampea 13 zinauzwa wapi, na kama redio nayo inataka hiyohiyo. Haitaki, redio inatosheka na ya ampea 3. Mwanawe ndiye aliyemjibu.

Muhula uliofuata shule ilipata mkuu mpya, naye akauliza swali la haki: huyu yuko hapa kwa sheria gani? Nikaenda ofisi moja kutafuta kibali, nikatumwa nyingine, ya pili ikataka barua ya ile ya kwanza. Baadaye nikajua kumbe hata ndani ya shule kuna watu wawili wa kuombwa ruhusa, yule wa msingi na yule anayesimamia sekondari ya msingi, na hawakuwa wakielewana. Mambo yakaishia hapo.

Simlaumu mkuu. Sheria ya Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC) ya 2012 inakataza mtu asiyesajiliwa kufundisha, na ni sheria nzuri. Sitaki mwanangu afundishwe na mtu wa kuokotwa. Ombi langu ni waraka mmoja wa wizara yako, mkishauriana na TSC, unaosema waziwazi kwamba mtu wa kujitolea kama mimi, tumwite mlezi wa ufundi, si mwalimu. Mwalimu abaki darasani muda wote, somo liwe lake, tathmini iwe yake. Mlezi alete ujuzi na vifaa, afuate mada za wiki hiyo za mtaala wa KICD, aondoke. Mkuu akiwa na waraka huo mkononi hatahitaji kuhofia mkaguzi.

Waraka huo uwe mkali kwa upande wa usalama. Cheti cha maadili mema kutoka idara ya upelelezi, DCI, kwa kila mlezi, bila kujali cheo. Mlezi asibaki peke yake na mtoto, asichukue namba ya simu ya mtoto, asimpigie picha. Na ajifunge kwa muhula mzima. Hili la mwisho nalitilia mkazo kwa sababu nimeona wageni wa siku moja: wanakuja na fulana na bango la kampuni, wanahutubia watoto juani kuhusu ndoto zao, wanapiga picha, wanagawa kalamu. Mtoto hajifunzi kitu pale. Anayejifunza ni yule aliyekosea kiungo cha waya Jumanne hii, akajua kwamba Jumanne ijayo mtu yuleyule atarudi kuangalia alichorekebisha.

Wazo lenyewe si geni duniani. Mwaka 1995 huko Boston, Marekani, Eric Schwarz na Ned Rimer walianzisha Citizen Schools kwa watoto wa umri huohuo: mmoja alifundisha uandishi wa habari, mwenzake huduma ya kwanza. Baadaye waliingia mawakili, wahandisi na wengineo, kila mmoja akikaa na kundi dogo kwa wiki kadhaa hadi watoto wawe na kitu cha kuwaonyesha wazazi. Wao waliweka kazi hiyo baada ya masomo. Sisi saa hizo watoto wengi wanachota maji au wanalea wadogo zao, kwa hiyo kwetu lazima iwe ndani ya ratiba.

Tena kwetu mtaalamu asiwe mwenye digrii peke yake. Mtu anayekunja mabati huko Kamukunji, Nairobi, akatoa sanduku lisilovuja ana hesabu ya pembe kichwani ambayo mhandisi hukimbilia kikokotoo kuitafuta. Awe na cheti cha ufundi cha NITA au adhaminiwe na chama chake cha jua kali, aingie. Kwa wahandisi na wauguzi, ambao bodi zao huwadai masomo endelevu kila mwaka ili wahuishe leseni, zungumza na bodi hizo zikubali saa za ulezi shuleni kama sehemu ya hesabu hiyo. Serikali haitatoa hata senti, na utaona watu watakavyojitokeza.

Kuna jambo sitaki litumike vibaya. Mlezi wa kujitolea asije akawa kisingizio cha kutoajiri. Walimu wanagenzi wa sekondari ya msingi waligoma 2024 wakidai ajira ya kudumu, na madai yao yalikuwa ya kweli. Siku nitakayosikia shule imenyimwa mwalimu wa sayansi kwa sababu “mna yule fundi wenu”, nitakusanya bisibisi zangu niondoke.

Haraka yangu inatokana na hesabu rahisi. Kundi la kwanza la sekondari ya msingi lilifanya tathmini ya mwisho, KJSEA, mwishoni mwa 2025 na kuingia Gredi ya 10 Januari 2026. Sera ya Serikali inataka asilimia 60 ya wanafunzi wafuate mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati (STEM). Asilimia 20 ya alama za kupangiwa sekondari ya juu hutokana na kazi za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8. Mtoto wa shule ya kulipia hufanya kazi hizo maabarani. Wa kwetu huzifanya kwa kubahatisha, au mzazi analipa kijana wa saiba amtengenezee mradi, mtoto anaubeba kama mzigo wa mtu mwingine. Huyo ndiye tunayemwambia achague uhandisi.

Muhula wa pili hufunguliwa mwishoni mwa Aprili. Kwa kuanzia, chagua kaunti chache, Mombasa ikiwemo ukipenda, na kila shule ipokee walezi wawili tu. Hapa Changamwe majina tumekwishayaandika, na vyeti vya DCI tutalipia wenyewe. Waraka ukishatoka, upelekwe kwa wakurugenzi wa elimu wa kaunti na nakala zifike kwa wakuu wa shule moja kwa moja, maana nyaraka za juu zina tabia ya kulala njiani.

Wako mtiifu,
Fundi umeme, Changamwe, Mombasa